Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Malenga aitwe kabla tangazo halijaandikwa

Kwa mlioshika dhamana ya elimu, afya, utangazaji na mawasiliano ya simu,

Waheshimiwa,

Malenga mnamwita siku ya sherehe. Ratiba imeshapangwa, hotuba imeshachapwa, naye anapewa dakika tano kati ya ngoma na neno la shukrani aghani beti za kumsifu mgeni rasmi. Tarehe 21 Machi, ambayo UNESCO iliitenga mwaka 1999 kuwa Siku ya Ushairi Duniani, simu yake haipumziki. Tarehe 22 hakuna anayemuulizia. Na huku nyuma ofisi zenu zinatoa kila wiki matangazo ya afya, ya usalama, ya mitihani na ya kodi, ambayo msomaji huyaanza, huyaacha katikati, na akiulizwa kesho yake yalisema nini anakuna kichwa.

Ombi letu ni moja. Mshairi awe mezani ujumbe unapotungwa, kama fundi mwingine yeyote, na apewe ukweli wa kuufanyia kazi badala ya jina la mtu wa kusifiwa.

Tuanze na namna chombo hiki kinavyofanya kazi, maana wengi wenu mliacha kukitazama siku mliyotoka kwenye mtihani wa fasihi. Mshororo, yaani mstari, wa utenzi una mizani 8, yaani silabi 8 za kutamkwa. Ubeti una mishororo 4, jumla mizani 32. Mishororo mitatu ya kwanza hufunga kwa kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, na wa nne hufunga kwa kina kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Tarbia ni pana zaidi: mishororo 4 ya mizani 16, kila mmoja umekatwa vipande viwili vya 8, ukwapi na utao. Sikio lililozoea hesabu hiyo hujua kwamba neno limedondoka hata kabla halijajua ni neno gani. Msemaji akisahau neno, mstari unachechemea. Akichomeka la kwake, unafura. Nathari, lugha ya kawaida isiyo shairi, haina ulinzi huo. Sentensi "weka chumvi nusu kijiko" ikipoteza "nusu" inabaki sentensi safi, na hakuna atakayeshtuka.

Ndiyo sababu wenye mambo ya kukumbukwa waliyatia kwenye beti. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitunga muhtasari wa tiba kwa beti. Ibn Malik, wa karne ya 13, aliikusanya sarufi ya Kiarabu katika beti zipatazo 1,000, nazo zinahifadhiwa hadi leo. Nahodha Ahmad ibn Majid, karne ya 15, aliandika elimu ya safari za Bahari ya Hindi kwa mashairi. Na kwa Kiswahili, Mwana Kupona binti Msham alimwachia binti yake wosia kwa utendi mwaka 1858, na wosia ungali unasomwa. Hao wote walikuwa kazini. Hapakuwa na mgeni rasmi.

Lakini ulinzi huu una tundu, na asiyelijua ataumiza watu. Hesabuni nasi: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Namba zote kumi zina mizani mbili mbili. Nu-su ni mbili, ro-bo ni mbili. Kwa hiyo mtu akiiondoa "sita" katikati ya mshororo na kuweka "saba", mizani haitapiga kelele. Kinachoweza kupiga kelele ni kina. Namba ikikaa mwisho wa mshororo, "saba" haiwezi kujifanya "sita", wala "tisa" kujifanya "tano", kwa sababu vina vya jirani vitaikataa. Katika kumi hizo ni nne na nane tu zenye mwisho mmoja, na hizo mbili zinahitaji neno la ziada la kuzilinda. Kanuni ya kwanza ya ubeti wa maelekezo ni hiyo: idadi ikae kwenye kina.

Tuonyeshe kwa mfano ambao kila idara ya afya inaujua: maji ya sukari na chumvi ya kumpa anayeharisha pale ambapo pakiti zilizotengenezwa kiwandani hazipatikani. Vipimo vyake ni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, na kila kijiko kisawazishwe juu. Mtunzi aliyekabidhiwa vipimo hivyo saa kumi jioni na kuambiwa alete kitu kesho asubuhi ataleta hiki:

Sukari sita vijiko,
chumvi nusu ya kijiko,
koroga kwa safi mwiko,
maji lita moja tia.

Mizani 32 kamili, vina vimekaa, na mkuu wa kitengo atapiga makofi. Ni ubeti mbaya. Kwanza, kijiko kipi? Kijiko cha chakula kinabeba takriban mililita 15 na cha chai 5, kwa hiyo anayechukua kikubwa ametia chumvi mara tatu, na chumvi iliyozidi ni hatari kwa mtoto aliyeishiwa maji. Pili, mshororo wa tatu hauna kazi. Umewekwa ili kina cha "ko" kitimie, na kwa ajili yake neno "safi" limehamia kwenye mwiko ilhali lilitakiwa kwenye maji. "Safi mwiko" yenyewe ni kupindua maneno, na anayesikia mara moja redioni ataweza kudhani kuna jambo limekatazwa, maana mwiko ni chombo na pia ni katazo. Tatu, "sita" na "nusu" zimejificha katikati, mahali ambapo hakuna kina cha kuzilinda. Nne, suala la kusawazisha kijiko halimo kabisa.

Mtunzi huyohuyo akipewa siku nne na mtu wa afya wa kumuuliza, atafika hapa:

Sukari vijiko sita,
vya chai, juu kufuta,
maji safi yawe lita
moja iliyotimia.

Chumvi kijiko ni nusu,
kufuta tumia kisu,
kuzidisha siruhusu,
mtoto ataumia.

Tazameni kilichobadilika. "Sita" na "nusu" sasa zinafunga mishororo, na kila moja ina majirani wawili wa kuishikilia. Vijiko vimetajwa kuwa vya chai mara tu baada ya idadi. "Juu kufuta" si usemi wa kila siku, tunakubali, ila mshororo wa kisu unaufafanua: unapitisha ubapa wa kisu juu ya kijiko, kilima kinaanguka. Na kina kinachorudi, "ia", kimebeba mambo mawili ya hatari, maji yasipungue na chumvi isizidi. Kilichobaki nje ni kwamba mgonjwa anyweshwe kidogokidogo na maji hayo yamwagwe yakipita saa 24. Hayo yanataka ubeti wa tatu, na tusiyabane humu kwa nguvu. Hitilafu moja bado ipo: ubeti wa pili ukisambazwa peke yake, "kijiko" kinakuwa yatima tena. Beti hizi mbili ziende pamoja daima.

Na zinaweza kwenda pamoja. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, nafasi na alama zikiwamo. Beti hizi mbili, pamoja na mistari yake na nafasi kati ya ubeti na ubeti, zina 156. Yaani maelekezo yote yanaingia katika ujumbe mmoja, kwenye simu yoyote, hata ile ya vitufe. (Kwa kufurahisha tu: "mia moja na sitini" nayo ni mizani 8.)

Hapa pana mtego ambao watu wa mitambo wanaujua na watu wa matangazo hawaujui. Herufi 160 ni kwa alfabeti ya kawaida ya simu. Ikiingia alama moja isiyomo katika alfabeti hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo kinashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukiwa umegawanywa. Kwa Kiswahili mkosaji mkubwa ni kile kikoma cha juu cha "ng'". Kikiandikwa kwa alama iliyonyooka, hakuna neno. Programu ya kuandikia ikikipinda ili kipendeze, ujumbe wa herufi 156 unakuwa vipande 3 na gharama yake mara 3, kwa sababu ya "ng'oa" au "ng'ombe" mmoja. Alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu vina dhambi hiyohiyo. Kabla hamjatuma kwa watu laki, mtu mmoja apitie alama hizo kwa jicho.

Mfano wa pili ni wa mwendo. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hubonyezwa kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30, kisha pumzi 2, na kurudia. Mwokoaji mgeni hukosea mara nyingi kwenye kasi: anaanza mbio, anachoka, anapunguza bila kujua. Ubeti wa utenzi una mizani 32. Lakini washairi wetu wana bahari ya msuko, ambayo mshororo wake wa mwisho hukatwa mfupi kuliko mingine. Punguzeni mizani 2 katika mshororo wa nne, mnabaki na 30.

Weka kati ya kifua,
bonyeza, kisha inua,
kasi bila kupungua,
pulizia mbili.

Mizani moja, mbonyezo mmoja. Ubeti ukiisha, mikono imeshatimiza 30 na zamu ya pumzi imefika, wala hapahitajiki kuhesabu wakati kichwa kimejaa hofu. Ubeti mzima uchukue sekunde 15 hadi 18, ambazo ni polepole sana kuliko usemi wa kawaida, na ndiyo maana lazima ughaniwe kwa kipimo cha saa mara ya kwanza. Makusudi, hamna neno kama "mtu" au "pumzi" ndani yake, ambamo m husimama peke yake kuwa silabi; mkono wa mwanafunzi unaweza kusita kwenye sauti ya namna hiyo. Ubeti huu haufundishi mbonyezo uzame kiasi gani wala mahali hasa pa kuweka kiganja. Hayo ni ya mwalimu wa huduma ya kwanza. Wenyewe ni saa tu.

Sasa kwa wa redio. Kwa kawaida Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ubeti unapotiwa tuni iliyotungwa kwa maneno mengine, mkazo wa muziki huangukia kwingine. Mara nyingi msikilizaji hujitafsiria mwenyewe. Mara nyingine hawezi. "Barabara" ya kupita magari hukazwa kwenye silabi ya tatu. "Barabara" yenye maana ya sawasawa hukazwa kwenye ya pili. Tangazo la kuwaambia watoto wavuke barabara barabara, likiimbwa kwa tuni isiyojali, linawaambia neno moja mara mbili. Dawa yake ni rahisi: mshairi aghani kwanza bila ala, irekodiwe, kisha mpiga ala afuate sauti. Studio nyingi hufanya kinyume kwa sababu tuni ilishalipiwa. Muda nao msiubane. Ubeti wa utenzi ukisomwa bila pupa huchukua sekunde kumi hivi, kwa hiyo nafasi ya sekunde 30 inabeba beti mbili na kimya kidogo katikati. Mkitia tatu, msomaji atakimbia na vina vitamezwa.

Kwa wa mitandao, jambo la kwanza ni upana wa kioo. Mshororo wa tarbia wenye mizani 16 huwa na herufi zaidi ya 35, na kwenye simu ndogo hujikunja mahali popote unapopenda wenyewe. Kina cha kati kinapotea katikati ya mstari, na msomaji anaona nathari iliyokatwakatwa. Ama kateni wenyewe kwenye ukwapi, kila kipande mstari wake, ama tumieni utenzi tangu mwanzo, ambao mshororo wake wenye herufi 20 hivi unakaa. Jambo la pili: acheni kutuma mashairi kama picha yenye maua pembeni. Picha mara nyingi haisomwi vizuri na programu zinazowasomea wasioona, maneno yake ni magumu kutafutika, haikuzwi bila kufifia, na hula bando. Namba ndani ya ubeti ziandikwe kwa maneno. "6" haina mizani mpaka isomwe.

Na programu zinazotunga mashairi zenyewe? Zitumieni mkitaka, ila msichapishe kabla ya kuhesabu. Nyingi hukata maneno vipande ambavyo havilingani na silabi, kwa hiyo huleta mshororo wa mizani 7 ukifuatwa na wa 9 kwa uso mkavu. Programu za kuhesabu nazo zina kosa lao: ile inayohesabu irabu itawaambia "mtoto ataumia" ina mizani 7, kwa sababu haijui kwamba m ya "mtoto" husimama. Ina 8. "Nchi" ni 2, "mtu" ni 2, "amka" ni 3. Lakini m ya "mbuzi" haisimami, hivyo "mbuzi" ni 2 tu. Kofi la mkono juu ya meza linashinda programu zote hizo, na mtoto wa darasa la pili anaweza kulipiga.

Tukija kwenye utaratibu wa ofisi, ndipo mambo mengi yanapoharibika, na si kwa ubaya wa mtu. Ujumbe hupita mezani kwa wanasheria, kwa mkurugenzi, kwa msemaji, na kila mmoja huongeza neno. Katika nathari neno moja haliui. Katika ubeti linavunja mizani, kisha mtu wa mwisho, kwa nia njema kabisa, hulipachika neno la kujaza, na kinachofika kwa mwananchi si ubeti wala si taarifa. Tunapendekeza hivi. Mtaalamu aandike ukweli kwa sentensi zisizozidi tano, kila sentensi jambo moja, namba zikiwa zimekolezwa wino. Mtunzi apewe siku nne, pamoja na simu ya mtaalamu huyo. Rasimu irudi kwa mtaalamu, ambaye kazi yake ni moja: kuonyesha palipo na uongo au pungufu, bila kupendekeza maneno. Wanasheria wauone wakati huo, wasisubiri mwisho. Neno lolote likibadilika baada ya hapo, lirudi kwa mtunzi, hata kama ni "na".

Kisha ujaribiwe. Hatua hii haigharimu chochote na hakuna anayeifanya. Tafuteni watu kumi wasiofanya kazi nanyi. Wasomeeni kwa sauti mara mbili, msiwape karatasi. Kesho yake waulizeni wauseme. Msihesabu waliofaulu na walioshindwa; andikeni ni neno gani limebadilika mdomoni mwa kila mmoja. Watu wanne wakibadilisha neno lilelile, kosa ni la mshororo, na mara nyingi wao wametoa neno bora kuliko la mtunzi. Lichukueni. Baada ya hapo ubeti upokezane kwa watu watano, wa kwanza amwambie wa pili, wa pili wa tatu, hadi wa tano, nanyi msikilize kilichofika. Idadi ikifika salama, chapisheni.

Kuna ruhusa za kishairi ambazo humu tunazikataa, ingawa kwingine tunazitetea kwa kucha. Inkisari, yaani kulifupisha neno ili litoshe, ikigusa kiambishi cha nafsi au wakati huficha mtendaji: "mekuja" ni nimekuja, umekuja au tumekuja? Katika shairi la mapenzi utata huo ni sukari. Katika maelekezo ya dawa ni balaa. Mazida (kurefusha neno) na tabdila (kubadili silabi ya mwisho wa neno ili kina kitimie) nazo zikae mbali na majina ya vitu na vipimo. Vina vya viambishi, kama mishororo mitatu inayoishia "sikilizeni, njooni, chukueni", ni uvivu tu. Havilindi chochote kwa sababu kitenzi chochote kikitiwa "ni" kitaingia.

Walimu wakuu na watunga mitihani, kwenu tuna maneno machache. Mwanafunzi huulizwa ataje bahari ya shairi, idadi ya beti na aina za vina, na anaweza kupata alama zote bila kuusikia ubeti hata mmoja. Tengeni dakika kumi kwa wiki. Mwalimu aghani ubeti, darasa lipige kofi moja kwa kila mizani, kisha aharibu neno moja makusudi na waliokamata wanyooshe mkono. Wiki inayofuata wachukue ujumbe wa simu wa kawaida, "nitachelewa, nimekosa usafiri", waukate uwe mizani 8 bila kupoteza jambo. Wengine watafika "nachelewa, sina gari" na kugundua kwamba maana imehama, maana kukosa usafiri si sawa na kutokuwa na gari. Ugomvi utakaozuka hapo ndio somo lenyewe. Baadaye wajibizane, ubeti kwa ubeti, na anayejibu alazimike kukifuata kina cha aliyemtangulia. Huwezi kumjibu mtu kwa kina chake bila kwanza kumsikiliza hadi silabi ya mwisho.

Tusieleweke vibaya. Hatudai kwamba shairi liliumbwa kuwa karatasi ya vipimo. Tumeanza na vipimo kwa sababu ni lugha ya bajeti, na nyinyi ndio wenye bajeti. Lakini ofisi zenu zina foleni, vyumba vya kusubiria, na simu za huduma zinazomwekea mpigaji muziki uleule dakika ishirini. Anayesubiri majibu ya kipimo cha damu hahitaji bango la kumi la kunawa mikono. Mashairi mafupi yamewekwa ndani ya treni za chini ya ardhi za London tangu mwaka 1986, katika nafasi zilezile za matangazo ya biashara, na New York ikafuata mwaka 1992. Masharti yake ni mepesi: shairi lisomeke lote kabla ya kituo kinachofuata, herufi zionekane kwa aliyesimama, libadilishwe kabla halijageuka kuwa rangi ya ukuta. Humo shairi huru lina nafasi sawa na la arudhi, lenye vina na mizani, pengine zaidi, kwa sababu huzuni haidai kukumbukwa kwa usahihi wa kijiko. Inadai neno ambalo fomu haina kisanduku chake. Na msichague mashairi ya kufariji tu. Mtu mwenye maumivu hutambua upesi anapobembelezwa.

Malipo. Ubeti wa mishororo minne hulipwa, ukilipwa, kama vile ni dakika nne za kazi. Mkataba uhesabu siku, si mistari: siku za kumsikiliza mtaalamu, za rasimu, za jaribio, za marekebisho. Jina la mtunzi liwekwe chini palipo na nafasi. Pasipo na nafasi, kama kwenye ujumbe wa simu, liwekwe kwenye kumbukumbu za ofisi, ili ubeti ukikosewa ajulikane wa kuulizwa. Na haki ya kuukataa ubeti uliobadilishwa bila idhini iandikwe wazi, kwa faida yenu pia, maana wakati mwingine neno lililobadilishwa ni "nusu".

Anzeni na tangazo moja. Chukueni lile ambalo watu hulipigia simu zaidi kuuliza lilikuwa na maana gani. Mapokezi wanalijua bila kuangalia daftari. Liandikeni upya kwa sentensi tano, mkoleze namba, muambatishe simu ya mtaalamu anayepokea hata jioni, kwa sababu mshororo wa tatu hugoma usiku.

Ni sisi,
watunzi, waghani na walimu wa ushairi